Msomaji wa Viti vya Nyuma

Watu wa kanisani walimwita Mama Tafakari, kwa sababu kila kijitabu alichoandika kilianza na neno hilo: Tafakari ya Asubuhi, Tafakari ya Mgonjwa, Tafakari ya Mwenye Nyumba. Vilikuwa vijitabu vyembamba vyenye jalada la samawati, vya kuingia mfuko wa koti bila kujikunja. Alikwisha kuandika kumi na saba, na vyote vilichapwa na shirika dogo la uchapaji lililokuwa nyuma ya kanisa.

Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na mjane wa fundi saa. Aliishi na mwanawe, dereva wa malori ya masafa marefu aliyeonekana nyumbani kama mgeni, pamoja na mke wa mwanawe. Huyo mkamwana alikuwa karani wa chapa katika ofisi ya maji. Akirudi kutoka kazini hula, huosha vyombo, kisha huweka taipureta kwenye meza ya sebuleni na kumchapia mama mkwe miswada yake. Alichapa kwa kasi, na kwa kasi hiyo hiyo alikosea. Herufi moja ya h ilikuwa ikimponyoka kila mara, hata “huruma” ikawa “uruma” na “hekima” ikawa “ekima.” Mama Tafakari alitumia kalamu nyekundu kuzirudisha zote mahali pake.

Kama kulikuwa na kipaji alichojaliwa kuliko uandishi, basi ni kushuku. Barua ikija, aliikagua gundi kabla ya kuifungua. Muuza maziwa akimsalimia kwa uchangamfu, alijiuliza leo ametia maji kiasi gani. Marehemu mumewe alikuwa akimtania kwamba angeweza kumshuku hata jogoo, akidhani amewika kwa faida yake mwenyewe.

Mkasa ulianzia kwenye jarida la burudani ambalo mkamwana alilinunua kila mwezi. Lilikuwa jarida la filamu, muziki, mitindo ya nywele na habari za nani kaachana na nani. Mwezi mmoja lilitoa kurasa nne nzima kwa tamthilia ya televisheni ambamo msichana kipenzi cha watazamaji alikuwa amekufa. Wasomaji walikuwa wametuma barua za rambirambi, nao wahariri walizichapa kwa fahari, pamoja na picha ya mwigizaji mwenyewe akiwa mzima wa afya, akicheka.

Mama Tafakari alizisoma barua hizo akiwa amesimama. Mtaani kwao alifariki mshona viatu wiki ile ile, na waliofika kumzika walikuwa wachache kiasi cha kutosha benchi mbili. Damu ikamchemka. Akakaa, akaandika barua ndefu aliyoipa kichwa “Machozi Yaliyokosea Anwani.” Alisema kwamba chozi ni amana, na anayelimwaga kwa mtu asiyekuwepo amemwibia aliyepo. Akabaki na nakala ya kaboni, akaituma barua kwa posta, na akajiandaa kuiona imekatwakatwa.

Haikukatwa hata neno. Jarida lilipotoka alilitandaza mezani, akaweka nakala yake kando, akalinganisha mstari kwa mstari huku akifuata kwa kidole. Kila koma ilikuwa pale pale. Hapo ndipo machale yalipomcheza zaidi. Watu wanaouza picha za mabega wazi wana haja gani ya kumheshimu bibi wa vijitabu vya sala? Akakagua ukurasa wa mkabala, akaona mwanamuziki mmoja aliyefungua vifungo vya shati hadi kitovuni. Akasema kumbe ni hilo, wameiweka barua yake hapo iwe kichekesho.

Wiki hiyo hiyo mhariri alimwandikia kumshukuru na kumkaribisha aandike tena. Barua ilikuwa fupi na yenye adabu, ikamtia wasiwasi kuliko kama wangemtukana. Hata hivyo akaandika tena, safari hii kuhusu nyimbo. Na mwezi uliofuata, chini ya barua yake, palikuwa na jibu la ile ya kwanza, kutoka kwa mtu aliyejiita Msomaji wa Viti vya Nyuma.

Msomaji huyo hakumtukana wala hakumkejeli. Aliandika kwa utulivu kwamba mtu hawezi kujichagulia mlango ambao uchungu wake utatokea, na kwamba wapo ambao hadithi ya uongo imewafungulia mlango uliokuwa umekwama. Mama Tafakari akamjibu. Msomaji naye akajibu. Ikawa kila mwezi wanapishana kama watu wawili kwenye ngazi nyembamba, na mkamwana akawa anamletea jarida kutoka kibanda cha magazeti akiwa tayari ameshafika ukurasa wa barua. Hakumficha kwamba alikuwa akilifurahia pambano hilo.

“Mama, wa viti vya nyuma leo kakubana,” alisema mara moja, akacheka. Mama Tafakari alilikumbuka hilo baadaye, na likamchoma.

Katika toleo la mwezi wa tano, Msomaji aliandika hivi: “Namfahamu mjane mmoja mcha Mungu ambaye hakutoa chozi siku ya kumzika mumewe. Alilia wiki tatu baadaye, akimenya viazi, pale rubani wa mchezo wa redio alipokosa kurudi nyumbani. Naomba Mama Tafakari atuambie, chozi lile lilikosea anwani?”

Mjane huyo alikuwa yeye. Viazi vilikuwa vyake, na redio ilikuwa ile ya mumewe, yenye kitufe kilichofungwa kwa uzi. Hakuwahi kumwambia mtu. Hakumwambia mwanawe, wala mchungaji.

Aliingia chumbani, akafunga mlango, akachukua kijitabu cha kumi na tano, Tafakari ya Aliyefiwa. Akakipekua chote, akarudia kutoka mwisho. Sentensi ya viazi na rubani haikuwemo. Ndipo akakumbuka. Aliiandika kwenye mswada, asubuhi moja ambayo moyo ulikuwa mwepesi, na mswada ukachapwa kwa taipureta. Prufu zilipoletwa kutoka shirikani, yaani zile karatasi za majaribio ambazo mwandishi huzipitia kabla kitabu hakijachapwa, aliisoma akaona haya. Mjane anayefundisha wafiwa, amlilie rubani wa redio? Akaikata kwa penseli, mistari miwili myeusi, na ikaondolewa.

Basi aliyeifahamu alikuwa mtu aliyeona mswada. Shirikani walikuwa watu wa Mungu, na prufu zao huchomwa kazi ikiisha. Nyumbani alikuwepo mtu mmoja tu aliyeichapa kwa vidole vyake, mpenzi wa jarida lile, aliyecheka mama mkwe alipobanwa.

Alifanya kama wafanyavyo watu wa aina yake: alianza kuchunguza. Aliangalia mkamwana akitoka na bahasha. Aliinua karatasi za kaboni kwenye mwanga wa dirisha kuona zimeandikwa nini. Siku moja aliuliza, kama mtu anayetafuta mazungumzo tu, kama stempu zimepanda bei, kisha akamtazama usoni. Mkamwana akajibu hajui, hajatuma barua tangu Krismasi. Mama Tafakari akaona jibu hilo limekuja haraka mno.

Kisha akamwandikia mhariri, akidai jina la Msomaji wa Viti vya Nyuma. Aliandika kwamba siri ya nyumba yake imeuzwa na kwamba ana haki ya kumjua muuzaji. Akiwa anasubiri jibu, aliondoa mswada wake mpya mezani, akauweka kwenye droo na kuvaa ufunguo shingoni.

Mkamwana alirudi kutoka kazini, akaweka taipureta mezani kama kawaida, akasubiri. Mama Tafakari akaendelea kushona kifungo. Mwishowe yule binti akauliza kama leo hakuna kazi, akaambiwa kazi ipo ila itafanywa na mtu mwingine. Akauliza amekosa nini. Mama Tafakari akalitoa jarida chini ya mto wa kiti, akalifungua, akaweka kidole kwenye ile aya.

Mkamwana aliisoma. Alipomaliza hakuonekana kushtuka, na mama mkwe akahesabu hilo pia kuwa ushahidi.

“Nilijua mjane huyu ni wewe tangu mwezi wa tano,” alisema mkamwana. “Nilipoisoma nilijua. Nikakaa kimya nikidhani umemhadithia mtu.”

“Sijamhadithia mtu. Niliandika mara moja tu, na wewe ndiye uliyechapa.”

“Ni kweli nilichapa. Nililia nikichapa, mama. Mpaka nikaharibu karatasi, nikaanza upya. Kitabu kilipotoka nikatafuta nikaona umeiondoa, nikasema hayo ni yake, hayanihusu.” Akalifunga jarida. “Ningetaka kubishana na wewe, ningebishana hapa mezani. Tunakula pamoja kila siku.”

Mama Tafakari akasema kwamba watu huona rahisi zaidi kusema kupitia gazeti. Mkamwana aliifunika taipureta kwa kifuniko chake, akaibeba hadi chumbani kwake, na kuanzia hapo nyumba ikawa na baridi. Chakula kilipikwa, salamu zilitolewa, maji ya kuoga yaliwekwa. Lakini yule binti alikuwa akisema “ndiyo mama” na “hapana mama” na basi. Mwanawe alipopita nyumbani siku mbili, alinusa hewa, akauliza kuna nini. Mama akasema hakuna. Mke naye akasema hakuna. Dereva akaona afadhali barabara, akaondoka siku moja kabla ya wakati.

Jibu la mhariri lilichukua wiki tatu. Mama Tafakari alikagua gundi, akaifungua kwa kisu. Mhariri alisikitika kwa yaliyompata, lakini jina hawezi kulitoa, maana mwandishi aliomba lifichwe na jarida liliahidi. Halafu, pengine kwa kutaka kumfariji, akaongeza kitu: “Ninachoweza kusema ni kwamba ni msomaji wa heshima. Tangu aanze kutuandikia hatujawahi kusahihisha barua yake hata koma moja, jambo ambalo katika ofisi hii hatujaliona.”

Mama Tafakari aliisoma barua hiyo mara mbili akihisi mhariri anamzunguka. Kwa nini ataje koma? Mara ya tatu aliiweka magotini.

Hata koma moja. Akamfikiria mkamwana wake na ile herufi h. Akafikiria kalamu nyekundu alizomaliza kwa miaka sita kuirudisha “huruma” mahali pake. Binti yule hangeweza kuandika kurasa mbili bila kosa hata kama angefungiwa ndani.

Katika maisha yake alimjua mtu mmoja tu ambaye hakuwahi kukosea koma.

Msahihishaji wa shirika la uchapaji alikuwa mwanamke wa makamo, mkimya, ambaye wafanyakazi wenzake walimwita Bi Nukta. Kwa miaka kumi na tisa aliketi katika chumba kile kile cha nyuma, chenye dirisha dogo na harufu ya wino, akifuata mistari kwa rula ya mbao. Miswada yote kumi na saba ilipitia chini ya rula hiyo. Kati yake na Mama Tafakari maneno yalikuwa machache: prufu hizi hapa, asante, ukurasa wa nane kuna swali. Mama Tafakari hakuwahi hata kumuuliza anaishi wapi.

Alikwenda asubuhi ya siku iliyofuata. Njiani alijipangia maneno makali, na kwenye begi alikuwa na matoleo yote ya jarida. Bi Nukta alikuwa peke yake. Alipoona begi linafunguliwa na yale majalada ya rangi yakitoka moja baada ya jingine, aliweka rula chini na kuvua miwani.

“Ni mimi,” alisema, kabla hajaulizwa.

Kwa mtu aliyezoea kuwabana watu, ungamo la bure lilikuwa kama ngazi iliyokosa kidato. Mama Tafakari akabaki amesimama. Akasema kwamba prufu ni siri ya kazi, kwamba angeweza kwenda kwa meneja sasa hivi, na kwamba nyumbani kwake amemkosea mtu asiye na hatia. Bi Nukta akakubali yote. Akasema meneja yuko, mlango wa pili kushoto.

“Kwa nini?” Mama Tafakari akauliza. “Nimekukosea nini miaka yote hii?”

Bi Nukta alifuta miwani kwa ncha ya kitenge.

“Nilikuwa na binti,” alisema. “Alikufa mwaka ule ulioandika kitabu cha wafiwa. Sikulia. Mwezi ukapita, mama, sikulia. Ndugu zake mume wangu wakaanza kunitazama vibaya. Mimi mwenyewe nikaanza kujishuku, nikasema labda sikumpenda. Ndipo mswada wako ukaja hapa mezani, na sentensi ile ilikuwemo. Niliisoma, nikafunga mlango huo, nikalia mpaka saa ya chakula.” Akavaa miwani. “Kisha prufu zikarudi umeikata. Nikaiondoa, ndiyo kazi yangu. Lakini ulipowaandikia wale watu kwamba chozi la namna hiyo ni wizi, nilikasirika. Nilikuwa sijawahi kukasirika na mwandishi.”

Mama Tafakari alitazama nje ya dirisha dogo, ambako hakukuwa na cha kutazama ila ukuta. Alitafuta hila katika maneno yale, kwa mazoea tu, hakuipata. Akauliza binti alikuwa na umri gani. Kumi na mmoja, akaambiwa. Akayarudisha majarida kwenye begi, akasema mswada wa kitabu kipya atauleta ukiwa tayari, na akapita mlango wa meneja bila kugeuza shingo.

Nyumbani ilimchukua siku mbili kupiga moyo konde. Alimkuta mkamwana akianua nguo, akamwambia yote, pale pale kwenye kamba, huku kila mmoja ameshika ncha ya shuka. Alimwambia amemjua mwandishi, na kwamba hatamtaja. Akasema amekosa, tena amekosa kwa muda mrefu, maana hata kabla ya jarida alikuwa akimchunguza kama mpangaji.

“Nimekusamehe, mama,” alisema mkamwana akikunja shuka. “Ila kukuchapia, sitakuchapia tena. Nitakufundisha uchape mwenyewe ukitaka.”

Hakulegeza kauli hiyo hata baadaye, na Mama Tafakari aliyekaribia miaka sitini na mitatu alijifunza taipureta kwa vidole viwili, akigundua kwamba herufi ya h kwenye mashine ile ilikuwa nzito kwelikweli, na kwamba kidole kisichoishindilia haitoki.

Kazi ya kwanza aliyoichapa mwenyewe ilikuwa barua kwa jarida. “Mjane aliyetajwa na Msomaji wa Viti vya Nyuma ni mimi,” aliandika. “Nililificha jambo hilo kwa sababu ya haya, kisha nikawahukumu wenzangu kwa kitu nilichokifanya. Chozi langu halikukosea anwani. Lilichelewa tu njiani.” Akatia sahihi, akaituma.

Toleo la mwezi likatoka bila barua yake. Machale yakamcheza: sasa amekubali kosa, hawamtaki, walikuwa wakitaka ugomvi tu. Lakini siku chache baadaye ilifika bahasha ya mhariri. Aliandika kwa tahadhari kwamba ofisi imepokea barua inayodai kutoka kwake, iliyojaa makosa ya kuchapa, yenye kukiri mambo ambayo Mama Tafakari wanayemfahamu asingeyakiri. Wanaogopa kuna mtu anamchezea. Je, angeweza kuthibitisha?

Mama Tafakari alicheka peke yake hadi mkamwana akachungulia kutoka jikoni. Kesho yake akavaa gauni la kanisani, akachukua kitambulisho, akaenda mwenyewe.

Ofisi ya jarida ilikuwa ghorofa ya pili juu ya duka la vitambaa. Kuta zilijaa waimbaji na waigizaji wakubwa kuliko milango. Alikuwa amemjenga mhariri kichwani kama kijana wa mikufu na manukato, akakuta mzee mwenye mafua, kajifunga sweta, akinywa maji ya moto. Mzee huyo aliomba kitambulisho. Kisha akatoa faili, akaweka barua zake zote za zamani mezani, akalinganisha sahihi moja baada ya nyingine, akifuata kwa kidole. Mama Tafakari alimtazama kwa heshima iliyokuwa ikiongezeka.

“Ni ya kwako,” alisema mhariri hatimaye. “Samahani sana. Ila nishangae kidogo: umeacha kubishana na sisi?”

“Nimeshindwa hoja moja tu,” alisema Mama Tafakari. “Yale mabega bado nayapinga.”

Mhariri akauliza kama alikwisha kumjua Msomaji wa Viti vya Nyuma. Mama Tafakari akamwangalia machoni, akasema hapana.

Barua ilitoka mwezi uliofuata, makosa yake yamesahihishwa, picha ya jirani safari hii ni ya gitaa tu. Msomaji wa Viti vya Nyuma hakuandika tena. Kwenye prufu za kitabu cha kumi na nane, Bi Nukta aliweka maswali ya pembeni kama kawaida yake, na Mama Tafakari akayajibu kama kawaida yake.

Mkamwana alilinunua toleo lile kibandani, akalisoma akiwa amesimama jikoni, viatu vya kazini bado miguuni. Alivuta kiti, akaketi, akaanza kuvua viatu.

“Huyo rubani,” alisema, “kwani alikuwa amekwenda wapi?”

Mama Tafakari alishangaa kwamba bado anakumbuka vizuri hivyo. Rubani alikuwa amepeleka dawa kijiji kilichokatwa na mafuriko, akasema, na mke wake alikuwa hajui kama amesamehewa, maana asubuhi ile waligombana. Mkamwana akauliza waligombania nini. Mama Tafakari akasema hiyo ni habari ndefu, ni lazima aanzie sehemu ya kwanza, na akaanza.